Pikipiki imepata ajali na mkopo haujaisha: naweza kuiuza?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 29, nina genge la mboga na matunda hapa Morogoro. Mwaka jana nilichukua mkopo wa pikipiki kwenye kampuni moja ya mikopo ili mdogo wangu wa kiume apate kazi ya bodaboda. Bei ya taslimu dukani ilikuwa shilingi 3,000,000. Nilitanguliza shilingi 400,000, na zilizobaki tukakubaliana nizirejeshe kwa shilingi 55,000 kila wiki kwa wiki 78. Mjomba wangu, ambaye ni mwalimu, alinidhamini. Kadi ya pikipiki ipo ofisini kwao na ina jina la kampuni. Mimi nilipewa nakala tu.

Mwezi uliopita, karibu na Msamvu, Noah iliingia barabarani ghafla ikitokea pembeni na kumgonga mdogo wangu. Alivunjika mguu, na namshukuru Mungu kwamba anaendelea vizuri. Pikipiki ilipinda shokapu za mbele na rimu, taa ilivunjika, tanki likabonyea, na fundi anasema chesesi imekunjika kidogo shingoni, pale usukani unapoingia. Anataka shilingi 780,000 kwa spea na ufundi, na anasema ikishatengenezwa itauzika kwa shilingi 1,700,000 hivi. Mdogo wangu hataki tena kuendesha na mimi sina mtu mwingine wa kumpa.

Nilipopiga simu kampuni, afisa wa mikopo aliniambia kwamba ninadaiwa shilingi 1,760,000, pamoja na wiki tatu ambazo sijalipa tangu ajali. Nilipomuuliza kuhusu bima alijibu kwamba ipo, ila hakusema ni ipi, na mimi nikaona aibu kuuliza zaidi.

Sasa kuna kijana wa kijiweni ameniletea mapendekezo mawili. La kwanza, anipe shilingi 900,000 taslimu, tuandikishane kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mambo ya kadi tuyamalize baadaye. La pili, anipe shilingi 300,000 leo, aichukue pikipiki, aitengeneze, kisha yeye ndiye aendelee kulipa rejesho la kila wiki hadi mkopo uishe. Anasema pia kwamba anamjua mtu wa kuking'oa kile kifaa cha kufuatilia mahali pikipiki ilipo, ili kampuni isitusumbue. Mjomba bado sijamwambia chochote. Nifanyeje?

Mama Genge, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa yaliyowapata. Nimefurahi kwamba umeandika kabla ya kupokea fedha za mtu, kwa sababu baada ya hapo ushauri wangu ungekuwa wa aina nyingine kabisa, na huenda ungeuhitaji zaidi wa wakili kuliko wangu.

Kadi ina jina la kampuni. Maana yake ni kwamba mbele ya Mamlaka ya Mapato, mbele ya polisi na mbele ya mahakama, wewe una haki ya kuitumia pikipiki hiyo na haki ya kuimiliki utakapomaliza kulipa, lakini leo huna umiliki kamili wa kumkabidhi mtu mwingine. Sheria yetu ya mauziano ya bidhaa inashikilia kanuni ya zamani kwamba mtu hawezi kumpa mwenzake haki ambayo yeye mwenyewe hana. Kwa hiyo karatasi ya serikali ya mtaa, hata ikipigwa mihuri kila kona, itathibitisha tu kwamba fulani alimpa fulani shilingi 900,000. Haitamfanya huyo kijana kuwa mmiliki. Kampuni itaifuata pikipiki yake popote ilipo, kijana atakufuata wewe akidai fedha zake, na kama hukumweleza kwamba ina deni anaweza kukufungulia jalada la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, ambalo ni kosa la jinai. Hata kama yeye anajua habari za deni, kama inavyoonekana, bado utakuwa umeuza mali ya kampuni bila idhini yake, na mkataba wako karibu kwa hakika unakataza jambo hilo.

Pendekezo la pili linaonekana la huruma zaidi, na kwa sababu hiyo linanitia wasiwasi zaidi. Lipige hesabu. Rejesho 32 zilizobaki ni shilingi 1,760,000. Ongeza 300,000 anazokupa wewe na 780,000 za matengenezo, jumla inakuwa shilingi 2,840,000. Kuna mtu gani mwenye akili timamu anayelipa shilingi 2,840,000 kwa pikipiki iliyogongwa na kukunjika chesesi, wakati mpya kabisa ilikuwa shilingi 3,000,000? Anayekubali bei hiyo hakusudii kuilipa yote. Anakusudia kulipa wiki chache, au asilipe hata moja, kisha pikipiki ihamie mkoa mwingine au igawanywe spea, injini iende huku na magurudumu kule. Ndiyo sababu habari ya kung'oa kifaa cha kufuatilia imekuja pamoja na pendekezo hilo. Huenda ninamdhania vibaya kijana wa watu, lakini hesabu yake haijumlishiki kwa namna nyingine, na mkopo ungebaki kwa jina lako hadi senti ya mwisho. Kifaa hicho kisiguswe na mtu yeyote. Kikinyamaza ghafla wakati marejesho yamesimama, kampuni haitakuona tena kama mteja aliyepatwa na ajali. Itakuona kama mtu anayeficha mali yake, na mazungumzo yote ninayokushauri hapa chini yatakuwa magumu mara mbili.

Kabla ya kufikiria mnunuzi yeyote, maliza habari ya bima, uliyoiacha kwa aibu. Hakuna aibu hapo. Mara nyingi fedha za bima zimo ndani ya rejesho unalolipa kila wiki. Swali lenyewe ni moja: ni bima kubwa au ni bima ndogo? Bima ndogo, ile ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuwa nayo, inamlinda mtu wa tatu utakayemdhuru wewe. Haitengenezi pikipiki yako. Bima kubwa inabeba pia uharibifu wa chombo chenyewe. Ingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa kuhakiki stika wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, uone ni kampuni gani ya bima na kinga inaisha lini, kisha uiombe kampuni ya mikopo nakala ya hati yenyewe ya bima. Ikiwa ni bima kubwa, toa taarifa ya ajali kwa maandishi leo hii. Hati nyingi zinataka taarifa itolewe ndani ya siku chache, na mwezi umeshapita, kwa hiyo eleza sababu ya kuchelewa na uambatanishe karatasi za hospitali za mdogo wako. Ujue pia kwamba mkopeshaji ndiye anayelipwa kwanza: bima ikiamua kwamba pikipiki haitengenezeki, fedha zitapunguza au kumaliza deni lako, na ziada, kama ipo, ndiyo itakayokuja kwako. Katika hali hiyo mabaki huwa ya kampuni ya bima, au hukatwa thamani yake ukitaka kubaki nayo. Kwa hiyo usiuze hata taa iliyovunjika kabla mkadiriaji wao hajaiona.

Ikiwa ni bima ndogo tu, bado hujafika mwisho, kwa sababu Noah nayo kisheria inatakiwa kuwa na bima. Kwa maelezo yako dereva wake ndiye aliyeingia barabarani bila kuangalia. Bima ndogo nyingi hapa nchini hubeba pia uharibifu wa mali ya mtu wa tatu, na mdogo wako, kwa mguu wake uliovunjika, ana dai lake mwenyewe ambalo si la pikipiki wala si la mkopo. Nenda kituo cha polisi kilichopima ajali ukaombe taarifa ya ajali, ramani ya tukio na taarifa ya mkaguzi wa magari. Hizo, pamoja na PF3 ya mdogo wako, yaani fomu ya polisi ya matibabu, ndizo kampuni ya bima itakazozitaka kabla ya kitu kingine chochote. Ukiwa hapo, uliza kama shauri la usalama barabarani limeshafunguliwa dhidi ya dereva wa Noah na kama pikipiki inahitajika kama kielelezo. Ikiwa inahitajika, haiuziki wala haitengenezwi mpaka polisi watakaporidhia kwa maandishi. Ukiona kampuni ya bima inakuzungusha bila sababu, peleka malalamiko yako kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa kwa ajili ya watu kama wewe wasioweza kubeba gharama za kesi ndefu.

Sasa nije kwenye lile deni la shilingi 1,760,000. Nimeligawa kwa 55,000 nikapata 32 kamili. Hiyo inanionyesha kwamba afisa hakukokotoa kitu. Alihesabu marejesho yaliyobaki akazidisha. Ndani ya marejesho hayo kuna riba ya miezi ambayo bado haijafika. Ulikopeshwa shilingi 2,600,000 na jumla ya marejesho ni 4,290,000, kwa hiyo riba na gharama zote za mkopo huo ni shilingi 1,690,000, na sehemu yake ni ya muda ambao hutaendelea kukaa na fedha zao ukiamua kumaliza leo. Andika barua, usipige simu, uombe taarifa ya akaunti ya mkopo wako na kiasi cha kumaliza mkopo mapema, kikiwa na tarehe ambayo kitabaki halali. Soma pia kifungu cha mkataba kinachohusu kulipa kabla ya muda. Mikataba mingine inapunguza riba iliyobaki, mingine inatoza adhabu ndogo, na mingine inasema jumla haibadiliki hata ukilipa kesho. Hata hii ya mwisho isikukatishe tamaa ya kuomba, kwa sababu mkopeshaji aliye mbele ya chombo kilichogongwa ana sababu nzuri ya kupokea kidogo leo kuliko kukimbizana na mengi yasiyokuja.

Katika barua hiyo hiyo omba wasimamishe faini za ucheleweshaji kuanzia tarehe ya ajali, na uambatanishe taarifa ya polisi. Wakopeshaji wasiopokea amana za wateja wanapewa leseni na Benki Kuu ya Tanzania chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Benki Kuu ina dawati linalopokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha. Anza na kampuni yenyewe, upate jibu lao kwa maandishi, ndipo uende huko ikibidi. Kama utagundua kwamba hawana leseni yoyote, yaani ni katika wale wanaoitwa kausha damu, niandikie tena, maana hapo njia ni nyingine.

Fundi wako amekupa tarakimu ambazo ni za manufaa kuliko anavyodhani yeye mwenyewe. Ukitoa shilingi 780,000 na kuuza kwa 1,700,000, mkononi unabaki na 920,000. Kijana anakupa 900,000 ikiwa imelala kama ilivyo. Yaani tofauti ni shilingi 20,000, na kwa hizo unajitwika hatari ya spea kupanda bei, ya fundi kugundua kasoro nyingine akishafungua, na ya mnunuzi wa 1,700,000 kutokupatikana. Kutengeneza kwa nia ya kuuza hakukulipi. Kungekuwa na maana kama mdogo wako angerudi barabarani na pikipiki ikaendelea kujilipia rejesho lake, lakini umeniambia hataki, nami sioni kwa nini alazimishwe.

Kuna sababu nyingine ya kutoigusa, nayo ni ile shingo ya chesesi. Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda namba ya chesesi imegongwa hapo hapo shingoni, ubavuni mwa bomba la usukani. Fundi akiweka moto na kuchomelea, kisha akasaga kwa msasa ili paonekane pazuri, anaweza kuila namba yote au nusu yake, na pikipiki isiyosomeka namba ya chesesi haihamishiki jina na humfanya aliye nayo aonekane mwizi kila anaposimamishwa na trafiki. Licha ya hilo, shingo iliyochomelewa vibaya inaweza kuachia wakati mtu yuko kwenye mwendo, tena akiwa na abiria. Ndiyo maana nasema mnunuzi wako, awaye yote, aelezwe kwa maandishi kwamba chesesi imekunjika, na mkataba wa mauziano utaje sehemu iliyokunjika na kwamba amenunua baada ya kuikagua akiwa na fundi wake. Mwambie fundi wako afunge uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, usukani ukiwa umenyooka. Magurudumu yakipishana, uzi utaonyesha wazi, nawe upige picha. Picha hiyo itakushushia bei kidogo, lakini mtu huyo akianguka mwaka ujao hakuna atakayesema ulimficha.

Ikiwa bima zote mbili zimeshindikana, au zimelipa sehemu tu, basi utauza, lakini mauziano yafanyike mezani kwa mkopeshaji. Kwanza pata barua yao ya idhini inayotaja namba ya usajili, bei ya chini watakayoikubali, na kiasi cha kumaliza mkopo. Kisha tafuta mnunuzi. Anaweza kuwa huyo huyo kijana wa 900,000 kama fedha zake ni za kweli, lakini waulize pia mafundi wawili watatu na wauza spea zilizotumika, kwa sababu injini nzima ya pikipiki iliyogongwa mbele ina wateja wake. Mnunuzi asikupe fedha wewe. Alipe moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni, siku hiyo hiyo, ninyi nyote mkiwepo, na risiti itaje namba ya mkopo wako.

Hapo ndipo utakapokutana na jambo gumu, kwamba bei haitoshi deni. Tuseme kampuni imekubali kushusha kiasi cha kumaliza hadi shilingi 1,400,000, na mnunuzi amelipa 900,000. Zinabaki 500,000 zisizo na pikipiki nyuma yake. Kama huna za kulipa papo hapo, omba zigeuzwe makubaliano mapya ya maandishi yenye rejesho dogo ambalo genge lako linalimudu, pasipo riba mpya ikiwezekana, na kampuni iachie kadi mara tu fedha za mnunuzi zinapoingia. Wakikataa kuachia kadi hadi senti ya mwisho ilipwe, usimpe mnunuzi pikipiki kwa ahadi kwamba kadi itafuata. Ni afadhali ikae kwenye baraza yako na turubai juu, huku ukitafuta hizo zilizobaki, kuliko kuwa na watu wawili wanaokudai badala ya mmoja. Wakisema wao ndio wataichukua na kuiuza, hiyo pia ni njia, lakini usiikabidhi bila hati inayotaja hali yake, bei ya chini watakayoiuzia, na kwamba watakupa hesabu ya mauzo, la sivyo utasikia imeuzwa kwa bei ya chuma chakavu na bakaa ni lako.

Deni likifungwa, dai barua ya kumaliza mkopo na uombe taarifa zako zirekebishwe kwenye mfumo wa taarifa za wakopaji, maana benki utakayoiendea siku nyingine itaangalia huko. Uhamisho wa jina unafanyika Mamlaka ya Mapato kwa mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na wakili, namba za utambulisho wa mlipakodi za pande zote, na malipo ya ada na ushuru wa stempu. Andikeni kwenye mkataba ni nani anayelipa. Angalia pia mtandaoni kama namba hiyo ina faini za trafiki, kwa kuwa bodaboda hukusanya faini ambazo mwendeshaji huwa hamwambii mwenye chombo.

Nimebakiza mjomba. Kwa sheria ya mikataba mdhamini anadaiwa kile kile unachodaiwa wewe, na kwa kuwa wiki tatu zimeshapita bila rejesho, simu ya kampuni inaweza kumfikia wakati wowote akiwa shuleni. Mweleze mapema jioni ya leo, tena umpelekee mkataba wenyewe ausome. Yeye ni mwalimu, barua ile ya kampuni anaweza kukusaidia kuiandika vizuri, na siku ya kukaa mezani na mkopeshaji ana haki ya kuwepo, kwa sababu makubaliano yoyote mapya kuhusu hizo zitakazobaki yatahitaji ama saini yake, ama hati ya kumtoa kwenye dhamana.